Maswali ya Wasomaji: Miradi ya picha inapatikana wapi?

SWALI: Nafuata wapiga picha wengi mitandaoni, lakini naambulia picha moja moja tu. Miradi kamili naipata wapi?

JIBU: Mitandao ya kijamii huzitenganisha picha na mfululizo wake, na maelezo hupotea njiani. Anza na hifadhi ya mtandaoni ya World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, yenye washindi tangu 1955, ila ruka picha moja moja na ufungue mifululizo na miradi ya muda mrefu. Kisha tafuta orodha za washiriki wa maonyesho ya upigaji picha ya Bamako, Mali, yaliyoanza 1994. Chukua majina matatu, uende kwenye tovuti ya kila mpiga picha mwenyewe. Huko ndiko utakuta mradi kwa mpangilio alioukusudia.

Tumia skrini kubwa. Pitia picha zote mara ya kwanza bila kusoma chochote, halafu rudia ukisoma maelezo. Jiulize kwa nini picha ya kwanza imewekwa pale, na nini kinajirudia. Mfano bora ni "Faces and Phases" wa Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ulioanza 2006: picha za sura, nyeusi na nyeupe, wahusika wengi wakitazama kamera moja kwa moja. Ukiona moja utaiona ya kawaida. Ukiona thelathini, huwezi tena kuwapuuza watu wale.

Usihifadhi picha pekee. Andika jina, mwaka, mahali na sentensi moja ya kilichokuvutia, la sivyo baada ya mwezi utakuwa na rundo usilolikumbuka.