Dogo wa PCB anayeuliza kuhusu kusomea optometria, jibu langu hili hapa

Wakuu habari za jioni. Kuna dogo kauliza humu, kamaliza form six na PCB yake (fizikia, kemia, biolojia), matokeo si mabaya ila MD, yaani digrii ya udaktari, ushindani mkali, sasa anataka kujaza optometria, fani ya kupima macho, chuo kikuu. Mzee wake kamwambia utakaa chuo miaka minne halafu uje uuze miwani kama wale wa stendi. Dogo anauliza huo ni udaktari au siyo, hesabu zake zikoje, kazi zipo, na yeye mwenyewe anavaa miwani ya -3 (minasi, ya asiyeona mbali) sijui watamkubali. Majibu niliyoyakuta mengi ni ya watu waliosikia kwa jirani, basi ngoja niseme mimi ambaye nimeisoma na ndiyo inayonilisha hapa Tanga mpaka leo. Nilianza na diploma Moshi pale KCMC, nikafanya kazi, halafu nikaenda Makerere kule Kampala kuchukua digrii. Itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie.

Naanza na la mzee wako maana ndilo linalokuumiza kichwa.

Alikuja babu mmoja wa Makorora pale ninapofanya kazi, ana furaha kweli kweli. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, mie nimekuja tu unipime uhakikishe maana nimepona, miwani ya kusomea nimeiweka kabatini, gazeti nasoma kavu kavu. Sasa muuza miwani angempa hongera na kumuuzia ya jua. Mimi nikakaa vizuri kwenye kiti nikaanza kumuuliza. Kwa sababu mtu akishavuka miaka 40 na kitu lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji tena kutazama karibu, na hiyo hairudi nyuma hata siku moja. Ndiyo maana unamwona ustadhi ananyoosha mkono na msahafu mpaka mkono unaisha. Kwa hiyo mtu wa miaka sitini na kitu akikuambia ameanza kusoma bila miwani ujue kuna kitu kimebadilika ndani. Mara nyingi ni mtoto wa jicho anaanzia kwenye kiini cha lenzi, lenzi inaongezeka nguvu, karibu kunakuwa kuzuri na mbali kunaharibika. Au ni sukari imepanda kwenye damu na lenzi imevurugika nayo.

Nikamuuliza, babu na mbali je? Akasema mbali kuna ukungu kidogo lakini si neno. Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Akacheka, akasema we mjukuu umejuaje, siku hizi silali na kiu hainiishi. Sikumwandikia miwani yoyote. Nilimpeleka apimwe sukari kwanza na ikakutwa iko juu sana. Ameanza dawa, sukari ikatulia, baada ya wiki kadhaa kaja tena na kipimo chake cha macho kimerudi kule kule kwa zamani, miwani ya kabatini ikatoka. Ningemtengenezea nyingine siku ile ile angetupa hela yake, na sukari ingeendelea kumla taratibu mpaka kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Na retina sukari ikiiharibu, dogo, hakuna lenzi duniani ya kuirudisha. Basi hiyo ndiyo kazi, mweleze mzee wako kisa hicho hicho.

Sasa ni udaktari? Sitakudanganya, si MD. Hupasui. Unapima uwezo wa kuona, unachunguza jicho mbele na nyuma, unatoa miwani na lenzi za kuvaa juu ya jicho, unashughulika na makengeza na macho yasiyoshirikiana, unamsaidia mwenye uoni hafifu kutumia ule uoni uliobaki, na ukiona jambo la dawa kubwa au kisu unamwandikia rufaa kwa daktari bingwa wa macho. Yule bingwa kapita MD miaka 5, intanshipu mwaka, halafu MMed, shahada ya ubingwa. Kama roho yako inataka tieta, chumba cha upasuaji, usije optometria ukidhani utapenyea huku. Nimesoma na watu wa namna hiyo, miaka yote wanaangalia dirisha la MD, wamemaliza na kupima macho hawajui. Nafasi hiyo angepewa anayeitaka.

Hesabu. Hapa watu wa PCB mnajidanganya sana kwamba ni kozi ya afya basi ni kukariri. Mwaka wa kwanza kweli kuna anatomia, fiziolojia, biokemia, mambo mnayoyajua. Lakini kuna optiksi, na darasani kwetu waliokuwa wanapata sapu, mtihani wa kurudia, wengi ilikuwa humo. Si hesabu za kutisha, BAM yako, ile hisabati ya ziada ya form six, inatosha ukiwa mtu wa kufanya maswali, ila ni nyingi na zinajengana. Nguvu ya lenzi unaipata kwa kugawa 1 kwa umbali wa fokasi kwa mita, ndiyo dayopta. Jicho zima lina kama dayopta 60, na karibu 43 ziko kwenye konea, kile kioo cha mbele kabisa, watu wengi wanadhani kazi yote inafanywa na lenzi ya ndani. Halafu zinakuja silinda na pembe zake, prizimu, umbali wa miwani kutoka kwenye jicho, na hapo ndipo mtu anaanza kulala maktaba. Lishike hili la dayopta mapema maana mengine yote yanapanda juu yake.

Nikupe mfano uone lilivyo hai. Tulikwenda kupima wanafunzi shule moja ya msingi huko wilaya ya Muheza. Kuna binti mwalimu wake akatuambia huyu msimpotezee muda, ni mzito, hata ukimkalisha mbele haandiki. Tukampima akawa kwenye -4.50 macho yote mawili. Chukua 100 ugawe kwa 4.5, unapata sentimita 22. Yaani yule mtoto dunia yake iliyo safi ilikuwa inaishia sentimita 22 kutoka usoni, kuzidi hapo ni ukungu, ubao ataujulia wapi? Alikuwa anasikiliza tu na kunakili kwa mwenzake. Tulipomwekea lenzi za majaribio aligeuka dirishani akakaa anatazama mwembe, hasemi kitu, mwalimu naye kimya. Mimi kwa kweli yule mtoto hanitoki moyoni. Na wako wengi, kila darasa unaloingia hukosi wa kumpa miwani, sasa nani kawapima?

Kitu kingine ambacho hutakisoma kwenye tovuti ya chuo chochote ni kwamba hii kozi inakaa mkononi zaidi ya kichwani. Kuna kifaa kinaitwa retinoskopu, mtaanza nacho kwenye mambo ya kliniki. Unazima taa, unakaa mbele ya mtu kama urefu wa mkono, unampiga mstari mwembamba wa mwanga kwenye mboni, na ndani ya mboni unaona rangi ya chungwa iliyoiva inarudi. Unautembeza ule mwanga kulia kushoto. Ikienda na wewe unaongeza lenzi za jumlisha, ikienda kinyume chako unaweka za kutoa, unabadili lenzi moja moja mpaka inafika mahali haiendi popote, mboni nzima inawaka kwa mpigo mmoja. Hapo unatoa 1.50 kwa sababu ulikaa sentimita 67 hivi (1 gawa kwa mita 0.67), unapata namba ya mtu na hajafungua mdomo. Mtoto wa mwaka mmoja unampima. Bubu unampima. Bibi kutoka milimani Lushoto anayeongea Kisambaa tu unampima.

Ila mwanzo huoni kitu! Unaona mwanga unachezacheza, hujui ni na wewe au kinyume, mgonjwa anachoka, msimamizi kasimama mgongoni. Dawa yake ni macho mengi. Pimaneni nyie kwa nyie hosteli, pima wapishi wa kantini, pima walinzi, wenzangu waliokuja kuwa wazuri ndio waliokuwa wanasumbua watu usiku kuwaomba macho. Usitegemee ile mashine ya kompyuta inayotoa namba kwenye karatasi, inasaidia kuanzia, lakini kwa watoto inadanganya sana kwa sababu mtoto akichungulia ndani anakaza jicho, karatasi inatoka na minasi ambayo si yake. Ndiyo maana kuna matone ya kulegeza jicho kabla ya kumpima mtoto. Nimewavua watoto miwani ya minasi ambayo hawakuihitaji kabisa, wamepewa na mtu aliyeamini karatasi.

Na kuna kuuliza, jamani kuuliza ni fani. Vitabu vinakufundisha useme ya kwanza na ya pili ipi nzuri. Njoo ufanye hivyo Tanga uone! Watu wetu wana adabu, mama mtu mzima atakuambia zote nzuri mwanangu, Mungu akubariki. Hataki kukuudhi. Ukimuuliza unaona? Naona. Basi usiulize hivyo, mwambie bi mkubwa nisomee huu mstari, mpe na sindano atunge uzi mwenyewe, muulize kazi yako unaifanyia umbali gani nionyeshe kwa mikono. Fundi cherehani wa barabara ya kumi na dereva wa lori hawahitaji miwani moja hata wakilingana umri. Fundi unampima hadi pale sindano ilipo. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Bangladesh, waliwapa watu wazima wa vijijini miwani ya kusomea bure, baada ya miezi 8 kipato chao kikawa juu kwa asilimia 33.4 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Miwani ya kawaida kabisa hiyo. Kwa hiyo hata hilo la "muuza miwani" mwambie mzee asilidharau, inategemea nani kaipima na kampa nani.

Tofautisha pia magonjwa, maana huku pwani utakutana nayo yote. Wavuvi na wachuuzi wa pale Deep Sea wanakuja na kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe kwenda kwenye konea, jua na upepo na vumbi la miaka. Wazee wana mtoto wa jicho, huyo anapasuliwa na mtu anaona tena, kwa hiyo kazi yako ni kumtoa hofu aende. Ninayemwogopa ni presha ya macho. Haiumi, inaanza kula pembeni, mtu anaona mbele vizuri mpaka imebaki kitobo, na kilichopotea hakirudi. Mara nyingi optometrista ndiye wa kwanza kuiona maana mtu kaja kwa ajili ya miwani tu, wewe ukapima presha, ukatazama mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho ukakuta umechimbika. Hapo ukiwa na haraka ya mteja anayefuata umemwachia mtu upofu.

Kazi sasa. Zipo, ila hazikusubiri getini. Serikalini unasubiri matangazo ya ajira na ushindani upo. Hospitali za mashirika ya dini, maduka ya miwani mijini, miradi ya macho inayozunguka vijijini, huko ndiko wengi tunaanzia. Maduka mengine yana presha ya mauzo, mimi nimewahi kukaa mahali ambapo kila mteja lazima atoke na fremu hata kama macho yake ni 6/6, yaani anaona sawasawa, nikaondoka. Kufungua lako mwenyewe vifaa ni ghali, usiingie na mkopo mkubwa mwaka wa kwanza. Na wengi wanakimbilia Dar, wakati ukitoka Tanga mjini kwenda Kilindi au Handeni watu wanapimana kwa kujaribu miwani ya mezani sokoni. Mimi nilichagua kubaki na sijuti.

Kabla hujajaza, fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huu wenyewe uangalie sifa na vyuo, usifuate ya mwaka wa kaka yako. Ukifikiria nje kama nilivyofanya mimi, hakikisha unachukua barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi kabla hujaondoka na ukirudi cheti kitambuliwe, halafu usajiliwe Baraza la Optometria, bila usajili hugusi jicho la mtu. Diploma nayo si aibu, mimi ilinipa mikono, digrii ikanipa sababu za nilichokuwa nakifanya.

Miwani yako ya -3 haina shida kabisa, tena darasani watakugombania wewe kukupimia maana wenye macho safi hawafundishi kitu. Na kama uko hapa mjini, wiki hii nenda hospitali ya Bombo kliniki ya macho asubuhi, vaa vizuri, salimia, omba ruhusa kwa mkuu wa kitengo ukae siku nzima utazame, usiingie tu. Ukitoka pale ukiwa bado unataka kuzima ile taa na kushika kile kifaa wewe mwenyewe, jaza chaguo la kwanza, usiiweke ya tatu.