Maswali na Majibu: Kuzuru Mahali Palipopiganwa Vita

Nataka kuwaonyesha wajukuu wangu mahali vilipopiganwa Vita vya Shela. Kuna mnara wowote? (Bibi, Langoni)

Shikamoo, bibi. Mnara hakuna; kumbukumbu ni vile vilima vya mchanga vya Shela, ambako yapata mwaka 1812 watu wa Amu, yaani Lamu, waliwashinda Wapate, watu wa kisiwa jirani cha Pate, na washirika wao Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Wazee husimulia kwamba wavamizi waliposhindwa walivikimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekwama, kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, na wengi wakauawa pale pale ufukweni. Kwa hiyo nendeni asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, mpite njia ya pwani kutoka mjini, ili watoto wajionee bahari inavyowaacha watu mbali na vyombo vyao. Msimulizi bora wa vita hivyo ni maji yenyewe.

Nikikuta mfupa mchangani, nifanye nini? (Kijana, Mkomani)

Mifupa imewahi kufichuliwa na upepo huko. Usiuokote wala usiupige picha ya kurushia wenzako. Ufunike, uwaombee dua waliokufa, kisha uwaarifu watu wa makumbusho katika Ngome ya Lamu.

Je, Ngome nayo inahusika? (Mwalimu, Shela)

Naam. Baada ya ushindi watu wa Amu walihofia kisasi, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na Ngome ikakamilika mwaka 1821. Wageni wengi huitazama kama jela tu, kwa sababu ilitumika hivyo kuanzia 1910 hadi 1984.

Baba wa babu yangu alichukuliwa upagazi katika Vita Kuu vya Kwanza. Nikamzuru wapi? (Msomaji, Malindi)

Pole, ndugu yangu, kwani huenda usilione jina lake popote: wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki sokoni, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na katika sanamu za Kenyatta Avenue jijini Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari. Ukitaka kukanyaga uwanja wenyewe, panda treni Mombasa, ushuke Voi, ushike matatu ya Taveta. Kabla ya kufika mjini utapita kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza na Makaburu lilirudishwa nyuma na Wajerumani na askari wao Waafrika. Beba maji ya kutosha, kwa maana kivuli ni haba.