Je, Naweza Kufanya Doria Katika Vijia vya Karura?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, na kila Jumamosi asubuhi hutembea katika Msitu wa Karura, Nairobi. Nimechoka kuona watu wakiwarushia kima ndizi na kuwafungulia mbwa wao kamba. Ningependa kujitolea kufanya doria, lakini mke wangu anasema nitakuja kupigwa. Je, nina mamlaka gani?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mwalimu, hofu ya Mama si ya bure. Kujitolea hakukupi mamlaka ya kumkamata mtu, kumtoza faini wala kumpokonya chochote. Hiyo ni kazi ya askari wa Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kwa hiyo usijiteue mwenyewe. Pitia kwanza kwa Friends of Karura Forest, chama cha jamii kinachousimamia msitu huo pamoja na KFS, uulize wanaojitolea hupewa kazi gani na huripoti kwa nani.

Kinachobaki mikononi mwako ni maneno. Msalimie mtu kwanza, kisha mweleze sababu kabla ya kumtajia kanuni. Kima aliyezoea kulishwa huacha kuwaogopa watu, na siku nyingine humnyang'anya mtoto mkate. Mbwa asiye na kamba huwakurupusha paa na pongo hata kama hana nia ya kuwauma. Anayebeba maji katika chupa ya plastiki ya kutumia mara moja huenda hajui kwamba chupa hizo zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Wakati wa mvua za masika, wakumbushe watu wapite katikati ya kijia hata kama kuna tope, kwa maana kila anayelikwepa hukanyaga miche ya pembeni na kukipanua kijia, na wakosaji wakubwa hapo (nami nimo) ni sisi tunaojiita wapenzi wa msitu.

Ukimkuta mlevi, au mtu anayekata mti, usimkaribie. Soma namba iliyoandikwa kwenye njiapanda iliyo karibu, ondoka, kisha wapigie askari simu uwatajie namba hiyo. Na kwa kuwa doria ya wawili ni salama kuliko ya mmoja, mwombe Mama mwende pamoja.