Maswali ya Wasomaji: Dawa za Sonona na Uzito wa Mwili

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwezi wa tatu nilianzishiwa amitriptilini kwa ajili ya sonona, nikiwa na kilo 61. Sasa nalala vizuri na nimerudi kwenye biashara yangu ya vitenge, lakini mizani inasoma kilo 68. Majirani wananisifu kwamba nimependeza, ila mimi nguo hazinitoshi na magoti yameanza kuuma. Usiku huamka na kula kiporo jikoni, jambo ambalo sikuwa nalo zamani. Nimefikiria kukata kidonge nusu, au kuacha kabisa kwa kuwa nimeshapona. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba, mama. Nakuomba usikikate wala usiache kabla hujaonana na aliyekuandikia. Malalamiko yako ni ya kweli na yana uzito kitabibu. Kwa kawaida ongezeko la asilimia 5 ya uzito wa awali ndilo huanza kuhesabiwa kuwa la kushughulikiwa, na kwako hilo lingekuwa kilo tatu hivi. Wewe umeshapita asilimia 11. Ukilipeleka kliniki kwa tarakimu, kama ulivyoniandikia mimi, hakuna sababu ya kuambiwa kwamba kunenepa ni dalili ya afya.

Amitriptilini ni miongoni mwa dawa za sonona zinazojulikana zaidi kwa kuongeza uzito. Dawa hii huzuia kazi ya histamini, kemikali ambayo ndani ya ubongo husaidia kutuweka macho na pia kuituliza hamu ya kula, na kwa sababu hiyo kidonge kilekile kinachokupa usingizi ndicho kinachokupeleka kwenye sufuria ya kiporo usiku wa manane. Isitoshe, hukausha kinywa, na katika joto la Dodoma mtu mwenye kinywa kikavu huikimbilia soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Ikiwa dukani kwako unakunywa mbili kwa siku, anzia hapo kabla ya kugusa chakula cha mezani, na mahali pake weka maji ya baridi, ukipenda uyatie ndimu.

Hata hivyo si kilo zote saba lazima ziwe za dawa. Sonona yenyewe huwanyima wengi hamu ya kula, kwa hiyo sehemu ya uzito huenda ni ule uliopotea ulipokuwa mgonjwa. Vilevile, kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, itaje kliniki, maana nayo huweza kuongeza uzito. Omba upimwe sukari na shinikizo la damu, na ikiwa unasikia baridi na uchovu usio wa kawaida, uliza kuhusu kipimo cha tezi ya thairoidi.

Kuhusu kupona: kujisikia vizuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, na hilo halimaanishi kwamba kazi imekwisha. Matibabu huendelea kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuondoka, mara nyingi miezi 9 hadi 12, kwa sababu anayeacha mapema yumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Kuacha ghafla nako huleta kichefuchefu, jasho, kukosa usingizi na wasiwasi, na wengi hudhani huo ndio ugonjwa wenyewe. Wakati wa kuacha ukifika, dozi hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo.

Unachoweza kuuliza ni kama inafaa kubadilishiwa. Dawa hizi hazilingani. Fluoksetini haina tabia ya kuongeza uzito sana, na kwa baadhi ya watu huupunguza kidogo mwanzoni. Paroksetini na mitazapini huelekea upande wa kuongeza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, uliolinganisha dawa nane kwa watu zaidi ya 180,000, ulionyesha kwamba kwa dawa nyingi za kundi jipya tofauti ya wastani baada ya miezi 6 haikufika hata nusu kilo. Amitriptilini haikuwamo katika ulinganisho huo. Lakini usiazime fluoksetini ya ndugu au jirani ukaimeza pamoja na yako: fluoksetini hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu, na moyo unaweza kudhurika.

Wakati unasubiri tarehe ya kliniki, kula chakula cha jioni kwanza, kisha meza kidonge karibu na saa ya kulala kama ulivyoelekezwa, ili njaa ikija ikukute umeshalala. Kiporo kigawe asubuhi watoto wakila, kisibaki jikoni. Kuhama kutoka sembe kwenda ugali wa uwele au mtama ni vizuri kwa sababu una makapimlo (nyuzinyuzi) zaidi, ila bonge likibaki na ukubwa uleule, mizani haitaona tofauti kubwa. Mlenda hauna shida. Shida ni mafuta yanayomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Kijiko kikubwa kimoja kina takribani kilokalori 120, na alizeti ya Singida au Dodoma haina msamaha kwa kuwa ni ya nyumbani. Pima kwa kijiko. Tembea asubuhi kabla ya jua kali, ukilenga dakika 150 kwa wiki. Matembezi hayo husaidia na sonona pia. Jipime mara moja kwa wiki, kabla ya chai, kwa mizani ileile, kwani mizani ya vijana wa barabarani na ya kituo cha afya mara nyingi hazikubaliani.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Natumia fluoksetini, wiki ya saba sasa. Nimepungua kilo nne, mkanda nimeutoboa tundu jipya, na sokoni wameanza kuninong'ona. Nimeficha hata kadi ya kliniki. Ni dawa?

JIBU: Ndugu yangu, inawezekana. Fluoksetini huleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya kula, hasa wiki za mwanzo, na kwa kawaida hali hiyo hutulia. Kuimeza baada ya kifungua kinywa husaidia. Lakini kufikia wiki ya saba ningependa kujua jambo moja: moyo wako ukoje? Ikiwa huzuni imepungua na usingizi umerudi, pengine ni dawa. Ikiwa bado huoni ladha ya chochote, huenda sonona yenyewe ndiyo inayokukondesha na matibabu yanahitaji kuangaliwa upya. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usisubiri tarehe. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na mtu unayemwamini.

Usiitupie dawa kila lawama. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku vinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Kiu na kukojoa mara kwa mara vinahitaji kipimo cha sukari. Pima pia VVU, kwa sababu majibu ya maabara yatakusaidia kuliko kukisia kwa watu wa sokoni. Kuhusu kadi, naelewa. Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, limegeuzwa tusi mitaani mwetu kwa muda mrefu, jambo ambalo ni la aibu kwa wanaolitumia hivyo, si kwa anayetibiwa. Ifiche sokoni ukitaka, mradi kliniki uende nayo.

SWALI: Mke wangu anameza setralini kwa ajili ya sonona na amenenepa kidogo. Anaweza kunywa chai ya kupunguza mwili inayouzwa mitandaoni? Kondoa.

JIBU: Asinywe. Nyingi ya chai hizo ni dawa za kuharisha, na kinachopungua ni maji ya mwili. Baya zaidi, bidhaa za aina hii zimewahi kukutwa zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo na mishipa, ambayo ikikutana na setralini inaweza kupandisha serotonini, kemikali ya ubongo na neva, mwilini hadi kiwango cha hatari. Ikiwa ameshaanza kunywa, aache chai na aendelee na setralini, kisha mpeleke kliniki pamoja na pakiti yenyewe. Akipata homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa au mapigo ya moyo kwenda mbio, mpeleke hospitali mara moja.