Kusaka onclick kwa regeksi kwenye mradi wa zamani

Ukiambiwa uondoe onclick, onload na wenzao (sifa za HTML zinazoendesha JavaScript) kwenye HTML ya zamani kwa sababu CSP (Content-Security-Policy, sera inayokiambia kivinjari skripti zipi ziruhusiwe) inakuja bila 'unsafe-inline', yaani bila kibali cha skripti zilizoandikwa ndani ya HTML yenyewe, mkono utakimbilia regeksi, ruwaza ya kutafutia maandishi. Sawa tu, kwa kusaka. Kwa kulinda, hapana, na nitarudi huko.

Wageni wengi huanza na hii:

`\bon\w+=`

Shida ni kwamba `\b` huona mpaka wa neno hata baada ya kistari, kwa hiyo `data-onyesha="ndiyo"` inanaswa bure. Wakati huohuo `onclick = "hifadhi()"` inapita, maana kuna nafasi kabla ya alama ya sawasawa. ONCLICK kwa herufi kubwa nayo inapita, ingawa kwa kivinjari ni ileile. Mimi hutumia hii:

`/(^|[\s"'\/])on[a-z]+\s*=/gim`

Usishangae mkwaju na alama za nukuu mle ndani. Kivinjari hukubali `<svg/onload=...>`, na hukubali hata `<img src="x"onerror=...>` bila nafasi yoyote katikati.

Usijaribu kuifunga tagi nzima kwa `<[^>]*`. Ikikutana na `<a title="a > b" onclick="...">` inakwama kwenye > ya title, na onclick yenyewe huioni.

Bado itakuletea takataka kama `let online = true`. Zivumilie, unasoma orodha kwa macho, hufuti kwa mashine. Kinachouma ni zile isizoziona: `setAttribute('onclick', ...)`, au jina la sifa linalounganishwa vipandevipande na PHP. Viungo vya `javascript:` navyo huzuiliwa na CSP, vitafutie msako wake.

Sasa, HTML inayotoka kwa watumiaji: usiisafishe kwa regeksi hata siku moja. Tumia DOMPurify, maktaba ya JavaScript ya kusafisha HTML. Na ukitaka kukagua ukurasa uliokwisha kufunguka, pitia sifa za kila elementi na uangalie `name.startsWith('on')`; kichanganuzi cha HTML kimeshageuza majina kuwa herufi ndogo.

Kabla ya kuwasha sera yenyewe, weka kwanza Content-Security-Policy-Report-Only, inayoripoti tu bila kuzuia. Ripoti zitakuonyesha kurasa ambazo msako uliziruka. Zitakazokula muda ni zile kama `onclick="futa(<?= $id ?>)"`: hamishia thamani kwenye data-id, kisha uisome ndani ya addEventListener.