Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Nahodha wa Nyambizi Barb

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami nimeisoma zaidi ya mara moja. Sisi huku Mombasa hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza jambo zito ambalo sikutaka kulijibu kwa simu: iweje mimi, niliyeishi kwa kazi ya kuongoza meli kuingia na kutoka bandarini, nimheshimu Eugene Fluckey, nahodha wa nyambizi ya Marekani, hali nyambizi ndiyo iliyowaangamiza askari wetu wa meli ya Khedive Ismail? Na umeongeza kuwa anayepiga bila kuonekana hastahili kuitwa jasiri.

Hoja yako ina uzito. Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwezi wa Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido, yaani kombora lipitalo majini, ikazama upesi mno hata waliokuwa chini ya sitaha hawakuwahi kupanda juu. Walikufa karibu watu 1,300. Miongoni mwa manusura waliokuwa wakielea, wapo waliouawa na mabomu ya manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwalinda, kwa kuwa I-27 ilijificha chini yao na manahodha wale waliona hawana budi kuishambulia papo hapo. Vijana wale walitokea Kilindini, mlango nilioupita miaka yote ya kazi yangu, nami sijapata kuupita bila kuwafikiria.

Kwa hiyo usidhani naipenda nyambizi. Ni chombo cha kuvizia, kilichoundwa ili kuwaua watu wasiojua kuwa wanatazamwa, iwe bendera yake ni ya Japani, ya Ujerumani au ya Marekani. Ninachokiheshimu kwa Fluckey ni jinsi alivyozichukua roho za watu aliokabidhiwa, na jinsi alivyopima hatari kabla ya kuiingia.

Alizaliwa Washington mwaka 1913, akahitimu chuo cha maofisa wa wanamaji mwaka 1935, na mwezi wa Aprili 1944 akakabidhiwa Barb. Chombo hicho kilikuwa kimekwisha kufanya doria 7, tena kwa mafanikio haba. Katika doria yake ya kwanza kama nahodha kilizamisha meli 5. Hadi vita vinakwisha, yeye peke yake alihesabiwa meli zaidi ya 16, miongoni mwazo manowari ya kubebea ndege iitwayo Unyo.

Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa Marekani, aliipata kwa doria aliyoianza Desemba 1944, na hasa kwa usiku mmoja wa Januari 1945 huko Namkwan, pwani ya mashariki ya China. Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu hili ni jambo la kazi yangu. Misafara ya meli za Kijapani ilikuwa imetoweka baharini, na nyambizi nyingine zilikuwa zikiitafuta kwenye maji marefu bila kuiona. Fluckey alikaa akawaza, akatambua kuwa meli zile zimeacha kusafiri usiku: zinatambaa kandokando ya pwani mchana, na jua likizama zinatia nanga mahali penye kinga. Akaiingiza Barb katikati ya mashua za wavuvi wa Kichina, akaifuata pwani juu ya maji, mpaka rada ikamwonyesha meli zaidi ya 30 zimelala ghubani.

Sasa fikiria kina. Maji aliyoyaingia yalikuwa ya mita 9 hivi, na nyambizi ile, yenye urefu wa zaidi ya mita 90, hukaa ndani ya maji mita 5 hata inapokuwa imeelea juu. Chini ya mkuku wake kulibaki nafasi ya mita 4 hivi. Mahali kama hapo nyambizi haiwezi kupiga mbizi. Imepoteza ngao yake ya pekee, imekuwa mashua ndefu yenye bati jembamba mbele ya mizinga ya meli za ulinzi. Mwendo wa saa nzima kwa kasi ya mwisho ulimtenganisha na maji marefu, na njia yenyewe ilikuwa na miamba, mabomu yaliyotegwa, na sehemu zisizochorwa kwenye ramani. Mimi nimepitisha meli kwenye mikondo niliyoijua kama kiganja changu, maboya yakiwa yanawaka, na bado jasho lilinitoka. Yeye aliingia gizani, akafyatua topido zake 4 za mwisho za omo, yaani za mbele, akageuza chombo, akafyatua 4 nyingine za tezi, yaani za nyuma, kisha akakimbia. Njia ya kutokea alikuwa ameipanga mapema: alipita kwenye kundi la mashua za wavuvi, akijua kuwa rada za wanaomfukuza zitachanganyikiwa kwa wingi wake.

Kwa hiyo usiku ule hakupiga akiwa amejificha chini, mwanangu. Mtu yeyote aliyekuwa na darubini na taa angeweza kumwona.

Lazima pia nikuambie kuwa taarifa ya nishani yake inataja topido 8 zilizolenga sawasawa na meli 6 zilizopigwa, lakini uchunguzi uliofanywa baada ya vita ulimthibitishia meli moja tu usiku ule, Taikyo Maru. Wengine humpunguzia heshima kwa sababu hiyo. Mimi simpunguzii, maana mtu anayekimbia gizani huku baruti zinalipuka nyuma yake hawezi kuhesabu kama karani, na uamuzi wa kuingia ulikuwa mgumu vilevile, iwe ilizama moja au sita.

Nije kwenye jambo linalogusa zaidi swali lako. Tarehe 12 Septemba 1944 nyambizi ya Marekani, Sealion, ilizamisha meli ya Kijapani Rakuyo Maru bila kujua kuwa ndani yake mna mateka wa Kiingereza na wa Kiaustralia zaidi ya 1,300, waliokuwa wametumikishwa kwenye reli ya Burma na Siam. Zaidi ya 1,100 walikufa. Hao walizamishwa na washirika wao wenyewe, na hakuna maneno ya kulipamba jambo hilo. Habari ilipojulikana, Barb na nyambizi mwenzake Queenfish ziliitwa kwenda kusaidia kuwatafuta waliosalia. Ni katika safari hiyo ndipo Barb ilipoizamisha Unyo. Lakini baada ya pigo hilo haikuendelea kuwinda. Ilifululiza mpaka kwenye mabaki, tufani ikikaribia, ikawaokota watu 14 waliokuwa wamekaa baharini siku 5, wamepakaa mafuta mazito mwili mzima, hawana nguvu ya kushika kamba, hivi kwamba mabaharia walilazimika kujitosa majini ili kuwafunga na kuwavuta. Nyambizi inayoelea imesimama mchana kweupe ni windo jepesi la ndege. Fluckey alilijua hilo, na alisimama.

Miaka mingi baadaye alisema kuwa jambo analojivunia kuliko nishani zake zote, ile ya juu kabisa na Misalaba 4 ya Jeshi la Wanamaji, ni kuwa hakuna baharia wake hata mmoja aliyestahili nishani wanayopewa waliojeruhiwa vitani. Marekani ilipoteza nyambizi 52 katika vita vile, na watu zaidi ya 3,500 waliokuwamo. Doria 5 za Fluckey zilikuwa miongoni mwa zile za hatari kubwa kabisa, na wote walirudi.

Limebaki la gari-moshi, ambalo hukuliuliza, lakini ukiendelea kusoma habari zake utakutana nalo. Usiku wa Julai 23, 1945, watu wake 8 walivuta mashua za mpira hadi ufukwe wa Karafuto, nusu ya kusini ya kisiwa cha Sakhalin ambacho leo ni cha Urusi, wakatega chini ya reli baruti iliyowekwa melini kwa ajili ya kuizamisha Barb yenyewe ikikaribia kutekwa. Kitufe cha kuilipua kilibuniwa na fundi umeme wao, Billy Hatfield, ambaye utotoni alikuwa akiweka kokwa chini ya reli ili zipasuke reli inaponepa kwa uzito wa gari. Ukimwacha Hatfield, Fluckey aliwachagua wasio na wake, akapendelea waliopata kuwa maskauti. Mmoja wao alipanda mnara ili awe mlinzi, akagundua kuwa juu yake mna askari wa Kijapani amelala. Walikuwa bado wanapiga makasia kurudi gari-moshi lilipofika na kulipuka, na nahodha akaacha kunong'ona akawapigia kelele kwa kipaza sauti waharakishe.

Wote 8 walirudi salama, na mbinu yao inastaajabisha. Lakini katika lile gari-moshi mlikuwa na mabehewa ya abiria, na vita vilikuwa vimebakiza wiki chache tu. Hapo mimi sina utetezi wa kukuandikia. Naelewa kuwa reli ile ilikuwa ikipeleka mahitaji ya jeshi, naelewa kuwa hakuna aliyejua siku ya kusalimu amri, na bado behewa la abiria linanikaa moyoni. Ukiona kuwa hilo linatosha kumnyima heshima niliyompa, niandikie na sababu zako zote, wala usinionee haya kwa kuwa mimi ni baba yako. Katika jambo hili nasimama karibu nawe kuliko unavyodhani.

Wako akupendaye,
Baba