Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kujazia Risasi, au Mzani Kwanza?

SWALI: Assalamu alaikum. Mwanangu anaishi Texas, Marekani, ambako hulenga shabaha na wenzake. Sasa anataka kujaza upya maganda ya risasi zake nyumbani, nami nataka kumchangia vifaa. Asema ipo mashine itoayo mamia ya risasi kwa saa. Je, yamfaa anayeanza? Na akirejea aweza kuja nayo? — Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Wa alaikum salaam, mzee wangu. Mashine hiyo hushughulikia maganda kadhaa kwa pamoja, kila moja katika hatua yake, na kila mpini unaposhushwa hutoka risasi moja kamili. Ni chombo cha mtu anayefyatua risasi nyingi na aliyekwisha kuijua kazi, kwa maana jicho lisilozoea haliwezi kufuata mambo manne au matano yanayotendeka kwa mara moja. Anunuliwe mashine ya hatua moja, ibebayo kalibu moja tu (kifaa kitendacho hatua moja, kama kunyoosha ganda au kukaza kichwa cha risasi), ambapo maganda yote humaliza hatua ya kwanza kabla ya lolote kuingia ya pili. Haina haraka, pengine risasi 50 kwa saa, lakini itamfaa hata atakapokuwa na kubwa zaidi. Kampuni za RCBS, Lee na Hornady zote huziunda.

Hata hivyo, kama fedha zako zatosha kifaa kimoja cha maana, ningependa ziende kwenye mzani. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Mzani wake lazima utambue sehemu ya kumi ya greni moja, ambayo ni kama miligramu 6.5, kipimo ambacho hata sonara angekiinamia. Mizani ya umeme ni myepesi kutumia, ila upepo wa feni huiyumbisha, na wengi hawajishughulishi kuihakiki kwa vijiwe vya kupimia. Mimi napendelea ule usio wa umeme, wenye mkono wa kusawazisha, ingawa kijana atanung'unika kwamba unamchelewesha.

Sababu ya kusisitiza hili ni kwamba katika maganda mengi ya bastola baruti hujaza sehemu ndogo tu ya nafasi, kwa hiyo ganda laweza kupokea kipimo mara mbili bila kufurika, na risasi ya namna hiyo huweza kuipasua silaha mkononi mwa mwenyewe. Ndiyo maana kibao cha matundu cha kusimamishia maganda, pamoja na taa kali ya kuchungulia kila moja kabla ya kichwa cha risasi kukazwa, ni vitu rahisi ambavyo havipaswi kukosekana. Aongeze kipimo cha urefu, miwani ya kukinga macho, na kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji wa baruti au vichwa vya risasi, wala asichukue vipimo kwa rafiki. Mezani iwepo baruti ya aina moja tu, ndani ya kopo lake la asili.

Kuhusu kurejea navyo, namshauri aviache vifaa huko huko. Nchini Kenya kuwa na risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vilipuzi, kama baruti, vina sheria yao, Sura ya 115. Akitaka kuendelea na mchezo huu hapa, aulize kwanza kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kufunga mizigo.